Goti limekunjika, lakini ni msuli gani wenye kosa?

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akitembea magoti yamekunjika, jicho hukimbilia nyuma ya paja: misuli pale imefupika. Kwa miaka mingi jibu likawa upasuaji wa kuirefusha. Katika utafiti wa utengamao, uigaji wa kompyuta umenifundisha kutoliamini jicho peke yake.

Tunambandika mtoto vitufe vinavyoakisi mwanga kwenye nyonga, magoti na vifundo. Kamera hufuata vitufe hivyo anapotembea, na bamba lililozamishwa sakafuni hupima nguvu ya kila hatua. Vipimo vyote huingizwa kwenye programu kama OpenSim ya Chuo Kikuu cha Stanford, inayopatikana bure tangu 2007, na kiunzi cha kidijitali hurudia mwendo uleule, misuli na yote. Hapo naweza kuuliza: msuli huu, hatua ikiwa katikati, una urefu gani?

Mtafiti Scott Delp na wenzake waliuliza hivyo, wakakuta kwamba wengi wa watoto hao wanapotembea, misuli ya nyuma ya paja haijafupika. Mimi hunivutia zaidi msuli wa ndani wa kigimbi. Huanzia chini ya goti, haulivuki kabisa, ila unyayo ukiwa umekanyaga chini huuzuia mfupa wa muundi usiinamie mbele, na goti likanyooka. Ndiyo maana kano ya kisigino, inayouunganisha msuli huo na kisigino, ikirefushwa kupita kiasi, mtoto huanza kutembea amechuchumaa.

Kinachonisumbua ni mwili uliomo ndani ya kompyuta. Kielelezo kimoja kinachotumika sana, kilichochapishwa 2016, kilitokana na vipimo vya maiti 21 na picha za MRI za vijana 24 wenye afya. Tukikipunguza au kukirefusha kilingane na kimo cha mtu, hakipati mfupa wa paja uliojipinda wa mtoto yule, wala misuli ya bibi wa miaka 80, iliyokonda na kuchelewa kukaza anapojikwaa. Nguvu tunayompa kwenye skrini si yake, na matokeo yanaweza kuonyesha anajimudu mahali ambapo kwa kweli angeanguka. Kwa hiyo, kwa wazee, nasisitiza kwanza tupime nguvu ya misuli ya mhusika mwenyewe, hata kwa kipimo kidogo cha mkononi, kisha ndipo tuwashe kompyuta.