Shokapu hainyonyi mshtuko

Nianze na maana yenyewe niimalize, kwa sababu ni fupi. Shokapu ni bomba lenye mafuta, na ndani yake mna pistoni yenye vitundu vidogo inayopanda na kushuka pamoja na gurudumu. Mafuta yanalazimishwa kupenya kwenye vitundu, yanapata joto, na nguvu ya ule mwendo inaishia humo. Kazi yake ni kuizima springi isiendelee kucheza. Haibebi gari, haipokei shimo, na mshtuko hainyonyi, ingawa jina lake linatangaza hivyo.

Hilo jina ndilo lenye kesi. Mpwa wangu alinunua Suzuki Swift Sport, ile ya injini ya 1.6, na wiki ya kwanza tu akaanza kulalamika: "Mjomba, gari gumu hili. Nikipita rasta za Igurusi meno yanagongana." Akaenda kwa fundi mmoja hapa Mbeya. Fundi akapita nalo kwenye tuta moja, akatoa hukumu: shokapu zote nne zimekufa, hazinyonyi. Zikafunguliwa, zikafungwa za mtumba, na jioni ile nikapigiwa simu ya furaha. "Mjomba, sasa zinanyonya kila kitu! Limekuwa laini kama Crown."

Mimi nimewahi kuuza vipuri miaka kadhaa, na hiyo "zinanyonya" nimeisikia mara nyingi kuliko salamu. Siku ile nikaona imezidi.

Kosa si la fundi peke yake. Neno shokapu tumelitoa kwenye Kiingereza, kwa watu wanaokiita kifaa hiki kwa maneno mawili, shock absorber, yenye maana ya kinyonya mshtuko. Sisi tukalifupisha hadi likatoshea mdomoni, na walioandika Kiswahili cha vitabuni wakalitafsiri kama lilivyo: kinyonya mshtuko, kifyonza mshtuko, kizuia mshtuko. Msomaji akikutana na "kunyonya" anaona sponji. Anaona kitu kinachokutana na shimo, kinalimeza, na abiria hajui kitu. Kwa hiyo akihisi shimo, ni lazima sponji limejaa. Mantiki yake ni nzuri kabisa. Jina ndilo lililomdanganya, na lilianza kuwadanganya Wamarekani kabla yetu.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Edward Hartford wa Marekani aliuza kifaa kilichobuniwa na Mfaransa aitwaye Truffault. Hakikuwa na tone la mafuta. Ilikuwa mikono miwili ya chuma iliyobana visahani vinavyosuguana, basi. Springi ikitaka kucheza, msuguano unaikatalia. Jina la kinyonya mshtuko lilipendeza kwenye biashara ya aina hiyo, maana nani atanunua "kisugua springi"? Lakini angalia kifaa chenyewe: kisahani kinachosuguana na mwenzake kinanyonya nini? Waingereza, tena wahandisi wao hasa, wana neno lingine kabisa. Wanaiita dampa, na neno hilohilo wanalitumia kwa kile kipande laini kinachoshuka juu ya waya wa piano ili sauti ikome. Asiyejua piano afikirie mpiga ngoma. Akishapiga, akitaka mlio ukatike, anaweka kiganja juu ya ngozi. Kiganja hakikupokea pigo. Pigo limeshapita, limepokelewa na ngozi. Kiganja kimezuia ngozi isiendelee kulia. Hiyo ndiyo shokapu.

Jina linalonifurahisha zaidi ni la Wafaransa, na sisi watu wa nyanda za juu hatuna haja ya kwenda Ufaransa kulisikia. Malori ya kwenda na kurudi Lubumbashi yanapita Tunduma, yanapanda Mbalizi, yanapita hapa Mbeya usiku na mchana, na dereva aliyezoea Kifaransa cha gereji atakuambia amortisseur. Ndani ya neno hilo mna kifo: ni kifishaji, kitu kinachoua mtikisiko. Kwa hiyo fundi wetu anaposema "shokapu imekufa", kwa Mfaransa anakuwa amesema muuaji amekufa. Na muuaji akifa, walengwa wake wanaendelea kuishi. Springi inacheza, inacheza, inacheza. Gari linakuwa laini.

Narudia kwa sababu hapa ndipo watu wanaponiangalia kama nimechanganyikiwa: shokapu iliyokufa hulifanya gari liwe laini zaidi, si gumu zaidi. Ipo shokapu iliyoganda kwa kupinda au kutu, hiyo nakubali inaleta ugumu, lakini ni chache. Iliyochoka kwa kawaida yake huwa imevuja mafuta na haina ubishi tena.

Anayepokea shimo ni springi. Kiswahili kina neno la zamani la springi, kamani, ambalo siku hizi wanalikumbuka mafundi saa na wazee. Asili yake ni Kiajemi, na huko maana yake ni upinde. Ona watu wa kale walivyokuwa na macho. Ukichungulia chini ya Fuso utaziona springi zake za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine: ni upinde mtupu. Upinde unavutwa, unaweka nguvu, na unairudisha yote. Tatizo lote la gari liko kwenye hilo la mwisho. Kamani ni mkopaji mwaminifu mno. Ukimpa shimo, analipokea, halafu analirudisha, na akishalirudisha anataka tena. Bila wa kumzuia, gari lingetoka Uyole likifika Chimala bado linaitikia shimo la Uyole (nimeongeza chumvi, lakini umenielewa).

Kuna sababu nyingine ya mkanganyiko, nayo ni ya haki. Kwenye magari mengi madogo, Swift ikiwemo, springi ya mbele imeizunguka shokapu. Vinafunguliwa pamoja, vinawekwa sakafuni pamoja, na fundi anavionyesha kwa kidole kimoja: "shokapu hiyo." Lakini zunguka nyuma ya gari hilohilo. Springi imekaa peke yake, shokapu imesimama peke yake. Toa shokapu, gari linabaki limesimama palepale kwenye springi. Toa springi uone.

Sasa tuje kwenye lami, kwa sababu mambo haya mjini hayaonekani vizuri. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa gari linakula karibu mita 28 kila sekunde. Kiraka cha lami chenye urefu wa sentimita 30 kinapita chini ya tairi kwa takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Springi haijali mwendo. Inajali imebonyezwa kiasi gani. Shokapu ndiyo inayojali mwendo: ukiisukuma taratibu mafuta yanapenya kwa amani, ukiisukuma ghafla yanagoma. Kwa hiyo kiraka kilekile ulichokipita kwa kilomita 40 bila kukijua, kwa 100 kinaikuta shokapu ikiwa ngumu kama gogo, na pigo linapanda moja kwa moja hadi kwenye kiti. Yaani shokapu nzima, yenye afya, mara nyingine ndiyo inayokuletea mshtuko. Kinyonya mshtuko! Watengenezaji wanahangaika na vali ndogo zinazofunguka pigo likizidi ili kupunguza jambo hilo, na kwenye gari la michezo wanaziacha ngumu makusudi.

Wanaziacha ngumu kwa sababu ya pigo la pili, si la kwanza. Gari la michezo likipita kwenye nundu kwa kasi hugonga mara moja, "ta", likanyamaza. Gurudumu limerudi kwenye lami na usukani unakusikiliza. Gari laini hupita kwenye nundu hiyohiyo kwa upole, halafu linapanda, linashuka, linapanda tena. Kiswahili kina maneno mawili hapa na ni uvivu kuyachanganya. Gari la kwanza linadunda. Gari la pili linanesa. Kunesa ni kama tawi bichi alilorukia nyani: nyani ameshaondoka, tawi bado linainama. Kudunda kunaumiza mgongo. Kunesa, kwenye kona za barabara ya Tukuyu, kunaweza kukutoa barabarani, kwa sababu kila mwili wa gari unapopanda, tairi zinabaki zimegusa lami kidogo tu.

Na hili "gumu" nalo lina lake. Muuzaji akikuambia "gari ngumu hii", anasifia: haifi, imara, itakuzika. Abiria akisema "gari ngumu hii", anashtaki. Mpwa wangu naamini alinunua ugumu wa kwanza akapelekewa wa pili. Swift Sport haikuwa na ugonjwa. Ina springi ngumu kuliko za Swift ya kawaida. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,390 tu, wakati shangingi la Toyota Land Cruiser VX lina 2,850, kwa hiyo pua ya Swift haijamaliza kushuka, mkia umeshapigwa. Uzito wake unazidi tani moja kwa kiasi kidogo tu, na gari jepesi halina ubavu wa kulipuuza gurudumu linaporuka. Tairi zake ni 195/50R16 (upana milimita 195, ukuta asilimia 50 ya upana huo), maana yake ukuta wa mpira kati ya rimu na lami haufiki sentimita 10. VX yenye 275/70R16 ina zaidi ya sentimita 19. Mto wa kulalia mmoja ni nusu ya mwingine, halafu tunauliza kwa nini shingo inauma.

Na mto wenyewe alikuwa ameujaza mawe. Nilipopima tairi zake nilikuta upepo wa PSI 42. Kibandiko cha mlangoni upande wa dereva, ambacho hakuna anayekisoma, hakisemi hivyo hata kidogo. Fundi pancha alimjazia "ili zisile mafuta".

Tulisafiri nalo kwenda Mafinga kwenye send-off, likiwa na shokapu zake mpya za mtumba. Hadi Igurusi nilinyamaza. Baada ya Chimala lami imenyooka, na zipo sehemu ilipolala kwa mawimbi marefu, si mashimo. Ukitembea kwa miguu huyaoni. Wimbi la mita 15 au 18 kwa mwendo wa 100 linalisukuma gari karibu mara moja na nusu hadi mara mbili kwa sekunde, na huo ni mdundo uleule ambao springi ngumu za gari dogo kama hili hupenda kuchezea. Ni kama kusukuma mtoto kwenye bembea kila anaporudi. Wimbi la kwanza tukapanda kidogo. La pili zaidi. La tatu, dada yangu aliyekaa nyuma akamtaja Mungu, na upande wa pili lilikuwa linakuja lori la makontena.

"Mjomba, upepo huo," kijana akasema.

Upepo uko Makambako, nikamwambia, hatujafika. Punguza.

Kwa kilomita 80 likatulia, kwa sababu mdundo wa mawimbi uliachana na mdundo wa springi. Tukaenda hivyohivyo hadi Mafinga, mabasi yakitupita.

Tuliporudi tulipitia kwa yule fundi. Ni kijana mwenye adabu, alitupa hadi viti. Nikalibonyeza gari kwenye boneti kwa nguvu, nikaachia. Likapanda, likashuka, likapanda, likashuka, ndipo likasimama. Nikamwomba aniletee Swift ya mteja mwingine iliyokuwa pale nje, nikabonyeza: likapanda likakaa. Akacheka kwa aibu kidogo. Zile nne za zamani nilimuuliza ziko wapi, akasema zimeshapata mwenyewe. Sikumlaumu, mwenye nazo mpya huko aliko anaendesha vizuri.

Basi kwake, na kwa wengine wenye gereji, ombi langu ni dogo. Neno shokapu libaki, limeshazoeleka na sina mpango wa kuanza kuita kifishaji. Ila mteja akija na kusema gari lake gumu, linamgonga, usimwambie hazinyonyi. Anza na upepo, angalia saizi ya tairi, angalia bushi na mpira wa juu wa shokapu, uliza kama kuna mtu alikata springi ili likae chini au aliweka spesa ili linyanyuke. Akija yule anayesema gari lake limekuwa laini ghafla, linabembea, halijui kusimama, tena anasema huku anatabasamu, huyo ndiye wa kumwambia zimekufa.