Jani kwenye chupa bado sio dawa

Tangu watu wa Kanda ya Ziwa wazoee miche ya migomba ya tishu kalcha, yaani inayooteshwa maabara kutoka kipande kidogo cha mmea, haziishi siku mbili bila mtu kuja ofisini kuulizia miti shamba ya maabara. Wiki iliyopita mzee mmoja wa Igoma katuletea chupa ya jemu, ndani kuna jani la mwarobaini juu ya agari (ute mgumu kama jeli) ya duka la vifaa vya keki, limefunikwa ukungu mweupe kama sufi, anauliza dawa itakuwa tayari lini. Mzee wangu, ulichootesha hapo ni ukungu.

Chakula cha mmea wa chupani kina sukari gramu 30 hivi kwa lita, na ukungu unaila haraka kuliko jani, kwa hiyo sisi wa maabara tunakipika kwa presha nyuzi 121 dakika 15 mpaka 20. Sufuria ya kawaida haifiki huko, hapa Mwanza tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 tu.

Haya, tuseme limeota safi. Bado! Mmea hautengenezi dawa kwa ajili yetu, nyingi ni silaha zake dhidi ya wadudu na magonjwa, sasa chupani hakuna adui, unakula sukari na kulala. Ndio maana wataalamu wanaongeza vitu kama jasmoneti, vinaziambia seli kwamba zimeshambuliwa. Na pakanga ndio ngumu zaidi, maana artemisinini ya dawa mseto ya malaria inatengenezwa kwenye vinyweleo vya jani, bonge la seli linaloota chupani halina vinyweleo, unapata kidogo sana au hupati kabisa. Wapo waliofanikiwa: Wajapani walianza kuuza shikonini, rangi nyekundu ya mizizi, miaka ya 1980, na paklitakseli ya saratani siku hizi inatoka pia kwenye matangi ya seli za mti wa Taxus badala ya kubandua magome.

Sasa vibali, hapa ndipo mnapoumia. Ukitaka kuleta mbegu au vipandikizi, hata kimoja mfukoni kupitia Mutukula mpakani na Uganda, unaomba kwanza TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) kibali cha kuingiza, KABLA ya kuagiza, halafu nchi unakotoa inakupa cheti cha afya ya mimea, halafu mkaguzi anaangalia mpakani, kikikosekana kimoja mzigo unazuiwa na unaweza kuteketezwa. Kuuza kama dawa asili ni Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa sheria ya 2002, na sampuli inapimwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali ambaye ana ofisi hapa hapa Mwanza. "Jirani katumia kapona" sio kipimo jamani.

Na chupa yenye ukungu usiifungue mapokezini. Ile ya mzee ilifunguliwa, chumba cha kupandikizia tukakifunga siku mbili tunakisafisha.