Je, wajua kwa nini banda zuri la farasi halifungwi kama nyumba ya mtu?

Watu wengi wakipata farasi kitu cha kwanza wanachowaza ni baridi, maskini mnyama ataumwa usiku, basi wanajenga ukuta wa matofali mpaka juu, kadirisha kamoja, na mlango unafungwa saa kumi na mbili jioni. Asubuhi ukifungua harufu inakupiga mpaka macho yanachoma. Baridi wala haikuwa shida. Farasi mzima aliyezoea mahali yuko sawa hata kwenye nyuzi 5, manyoya yake na nyasi zinazochachuka tumboni vinampa joto la kutosha. Kinachomuumiza ni hewa.

Farasi anapumua kwa pua tu, kwa mdomo hawezi hata akikimbia vipi. Akiwa ametulia pumzi moja inavuta kama lita 5, sasa piga hesabu ya pumzi 12 kwa dakika, ni zaidi ya lita 80,000 kwa siku. Kama hewa hiyo imejaa vumbi la nyasi na ukungu anaanza kukohoa, makamasi, mwisho anapata pumu, ndiyo, farasi nao wanapata pumu!

Na ile harufu? Farasi wa kilo 500 anatoa kinyesi na mkojo kama kilo 20 hadi 25 kila siku, bakteria wakishauvunja mkojo kwenye maranda au nyasi anazolalia inatoka amonia, gesi kali inayochoma, nayo inaanzia chini. Siku moja ingia bandani uchuchumae mpaka pua yako iwe usawa wa magoti ya farasi, ukae hivyo dakika moja. Ulipokuwa umesimama uliona poa tu, huko chini utatoka mbio, na huko ndiko mtoto wa farasi analala usiku kucha.

Dawa yake ni rahisi. Acha uwazi juu kabisa pale mabati ya pande mbili yanapokutana, weka kofia ya bati mvua isiingie, kisha acha uwazi mwingine pembeni juu ya ukuta. Joto la miili yao linapanda na kutoka na uchafu wote, hewa safi inaingia pembeni, hakuna feni hakuna bili ya umeme. Na tafadhali usiweke nyasi kavu darini juu ya vichwa vyao, vumbi linawashukia, halafu zikihifadhiwa zina unyevu zinaweza kupata joto zenyewe mpaka zikawaka.

Huku Afrika kuna jambo la ziada, ugonjwa wa virusi uitwao "ugonjwa wa farasi wa Afrika". Unaenezwa na visubi, vidudu vidogo kuliko mbu, na punda milia anabeba virusi wala haonekani mgonjwa. Mwaka 2020 uliingia Thailand ukaua farasi zaidi ya 500, wenye farasi wakakimbilia kufunika mabanda kwa vyandarua. Visubi wanauma zaidi kuanzia machweo hadi alfajiri, kwa hiyo jioni farasi waingie ndani na kila uwazi uwe na wavu wa matundu madogo sana, maana kwenye chandarua cha kawaida wanaweza kupenya. Ila wavu ukijaa vumbi hewa haipiti, usafishe mara kwa mara la sivyo umerudi kulekule kwenye ukuta wa matofali.

Banda lina faida nyingine pia. Bati la paa likinyeshewa mvua ya milimita 10 linakupa lita 1,000 za maji kwa kila mita 100 za mraba, farasi anayekunywa lita 50 kwa siku ni karibu wiki tatu. Samadi ukiichanganya na maranda yaliyotoka bandani ukawa unaigeuza, lundo linafika nyuzi 55 na zaidi katikati, mayai ya minyoo yanakufa na unapata mbolea ya shamba. Lundo likae mbali, upande ambao upepo hauleti harufu na nzi bandani, na mbali na kisima.