Chemchemi ya Chatsworth haina pampu

Kwenye bwawa refu lililo kusini mwa jumba la Chatsworth, Derbyshire, Uingereza, hakosekani mzazi anayewaambia watoto kwamba maji yale yanarushwa na pampu ya umeme. Hakuna pampu. Chemchemi hii, Emperor Fountain, ni kazi ya Joseph Paxton, mkuu wa bustani za jumba, ya mwaka 1844, wakati hakuna nyumba iliyokuwa na umeme.

Kinachoyarusha ni kimo. Paxton alichimbisha ziwa la ekari 8 kilimani, kama mita 107 juu ya jumba, vibarua wakifanya kazi hata usiku kwa mienge, likaisha kwa miezi 6. Mwenye tangi mnarani anaijua kanuni: kila mita 10 za kimo huongeza presha ya karibu baa 1, kwa hiyo hapa ni zaidi ya baa 10. Rekodi ya chemchemi ni mita 90 kwa kuwa msuguano wa bomba na upinzani wa hewa hula zilizobaki. Maji haya ndiyo yaliyolipatia jumba umeme wake, tangu 1893 hadi 1936!

Na ikiruka nusu ya kimo chake, tafadhali msiseme imeharibika. Maji ya ziwani yana kikomo, hivyo kwa kawaida haifunguliwi yote. Ushauri wangu, ambao wengi huupuuza: anzeni na ziwa lenyewe, kwa njia ya msitu wa Stand Wood, kisha mteremke bustanini. Mtoto aliyepanda kilima kile kwa miguu yake haulizi pampu iko wapi. Kigari cha mtoto kitawasumbua, mbebeni mgongoni. Chini, simameni upande upepo unakotoka, la sivyo mtalowa.

Kuna na mengine wazazi wanayowaambia watoto hapa. "Mandhari ni ya asili." Siyo. Mbunifu wa bustani Capability Brown aliyapanga upya miaka ya 1760, mpaka mkondo wa mto ukabadilishwa.

"Ule mzingo wa vichochoro vya miti ni wa kale." Ulipandwa 1962, mahali palipokuwa na nyumba kubwa ya vioo ya Paxton. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza makaa ya kuipasha joto yalikosekana, mimea ikafa, ikabomolewa 1920.

"Cavendish ni kampuni ya ndizi." Ni jina la ukoo wenye jumba hili. Paxton aliutunza mgomba wenye jina hilo hapa hapa, ukachanua 1835, na ndizi ya dukani mliyowafungashia watoto huenda ni ya kundi hilo hilo.