Sarafu ya Kirumi Isiyosomeka: Igeuze Kwanza

Anayeshika kwa mara ya kwanza sarafu ya shaba nyeusi ya Roma ya karne ya 4 huanza kuhangaika na maandishi yanayozunguka kichwa cha kaizari. Anatafuta jina. Sisi tunaozishughulikia sarafu hizi humwambia aigeuze kwanza, maana jina ndilo linalopotosha zaidi. Kaizari Constantinus alipofariki mwaka 337, waliotawala baada yake ni wanawe watatu: Constantinus, Constantius na Constans. Ukingo ukilika kidogo tu, kinachosalia ni CONSTA, nawe unabaki na watu wanne, baba na wanawe, usioweza kuwatenganisha.

Picha ya nyuma huvumilia zaidi. Chukua ile inayoonekana sana, yenye maneno GLORIA EXERCITVS, yaani utukufu wa jeshi. Askari wawili wamesimama na mikuki yao, na katikati yao pana bendera za kikosi. Zihesabu. Zikiwa mbili, sarafu ilipigwa kati ya 330 na 335. Ikiwa moja, ni ya kuanzia 335 hadi 341 hivi, na hata uzito wake umepungua. Ni nadra historia ya kale kumpa mtu asiye mtaalamu kipimo chepesi namna hii.

Mbwamwitu anayenyonyesha mapacha ni wa miaka hiyohiyo ya 330. Askari anayemchoma mkuki mpanda farasi aliyeanguka ni wa kuanzia 348. Malaika wa ushindi anayemburuta mateka, kwenye kisarafu kidogo kabisa, ni wa baada ya 388.

Ukubwa nao unasema. Mwaka 294 hivi, kaizari Diocletianus alitoa sarafu yenye takriban gramu 10. Miaka mia moja baadaye, ile ndogo ilikuwa sawa na kifungo cha shati, na uzito wake ulizunguka gramu 1.

Chini ya picha, penye mstari, ndipo kiwanda kilichoipiga sarafu kilipoweka alama yake. ALE ni Alexandria, SIS ni Siscia, yaani Sisak ya leo nchini Kroatia, na TR ni Trier, Ujerumani. Wengi hunaswa na CONST. Hudhani ni Constantinople, Istanbul ya leo, kumbe ni Arles, kusini mwa Ufaransa, mji uliobadilishwa jina ukaitwa Constantina. Tazama herufi ya karakana, yaani sehemu ya kiwanda iliyoipiga, imekaa wapi: Arles waliitanguliza, PCONST au SCONST, Constantinople waliiweka mwishoni, CONSA.

Tafadhali, usiisugue kwa ndimu na majivu kama sinia la shaba. Ile ngozi ya kijani au ya kahawia ndiyo iliyobeba mistari ya picha; ukiitoa, umeifuta sarafu. Ukiona unga wa kijani kibichi unaodondoka, huo ni ugonjwa wa shaba, yaani kutu inayoendelea kuila: iweke mahali pakavu, mbali na nyingine, umwone mhifadhi. Kwa kusoma, inatosha kuilaza chini ya taa inayomulika kutoka ubavuni, na kuizungusha polepole.

Jina likikataa kabisa kuonekana, kwenye kadi yetu tunaandika hivi: "Ukoo wa Constantinus, askari wawili, bendera moja, Alexandria, 335–341." Kwetu sarafu hiyo imetambuliwa.