Tagi ya mchoro ni nini hasa, na unaichaguaje

Tagi ni neno fupi unalobandika kwenye picha ili mtu mwingine akisachi aipate, basi, kazi yake ndo hiyo. Sio sifa, sio kichwa cha habari. Sasa mtu anapandisha mchoro mzuri kabisa wa ufukwe wa Bagamoyo kwenye hifadhi ya picha mtandaoni, anaubandika "Afrika, uzuri, utamaduni, asili", halafu ngalawa iliyojaa nusu ya karatasi haijatajwa popote. Nani anasachi "uzuri" jamani?

Tuseme mchoro ni wa soko la samaki pale ufukweni. Cha kwanza ni kinachoonekana, yaani mtu asiyejua habari yoyote ya mchoro ule akiutazama ataona nini: mwanamke, ndoo kichwani, samaki, chombo cha baharini. Hapo ushuke mpaka kwenye jina lenyewe la kitu, usiishie "boti". Ukiona zile mbao mbili za pembeni zinazogusa maji hiyo ni ngalawa, bila hizo mbao na ni gogo limechongwa basi ni mtumbwi, na kikiwa chombo kikubwa cha tanga cha kupakia mizigo hapo ndo uanze kufikiria jahazi. Nguo vilevile, ukiona pindo limezunguka pande zote nne na mstari wa maandishi, yaani jina, chini ya mji ule wa katikati ya nguo, ni khanga, kitenge hakina jina. Ila kuna wanaoandika kanga, na kanga ni ndege pia, kwa hiyo hifadhi yenye utaratibu inaziunganisha tahajia zote mbili za nguo ziende kwenye tagi moja na ndege anapewa yake, "kanga (ndege)".

Cha pili ni mchoro unahusu nini, na hapa ndo watu wanavuruga. Mtaalamu wa maktaba Sara Shatford alishayatenganisha haya mwaka 1986, kwamba picha ni ya nini ni swali moja, na inahusu nini ni swali jingine. Kwa Bagamoyo jambo hili ni zito. Michoro ya karne ya 19 ya misafara iko mingi, wanaume wamejipanga mstari na pembe za ndovu mabegani, na mtu akiiona tu anabandika "watumwa" kwa sababu historia ya mji anaijua juu juu. Biashara ya watumwa ilipita Bagamoyo, hilo halina ubishi, lakini wapagazi wengi wa misafara ile walikuwa Wanyamwezi waliobeba mizigo kwa ujira, watu wa kazi yao. Kama hakuna mnyororo wala kongwa shingoni, na maelezo ya asili ya mchoro hayasemi chochote kuhusu utumwa, basi tagi ni "mpagazi", "msafara", "pembe za ndovu", uishie hapo. Kwangu mimi tagi ya kuhisi ndo mbaya kuliko zote, maana mwalimu anayetafuta picha ya somo ataichukua hivyohivyo na darasa zima litaamini.

Halafu mchoro umechorwaje: penseli, wino, rangi za maji, chapa ya mbao. Tingatinga nayo ni tagi, lakini si kila twiga mwenye rangi kali ni Tingatinga, ule ni mtindo ulioanzia kwa Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam miaka ya 1960 na una namna yake.

Tagi ngapi? Inategemea hifadhi. Wikimedia Commons, hifadhi ya picha inayotumiwa na Wikipedia, tangu 2019 unaweza kuorodhesha vitu vinavyoonekana kwenye picha na kuweka alama kwenye kile kikuu, ila kwenye jamii zao, yaani makundi ya kupangia picha, wanataka iliyo finyu zaidi tu, ukishaweka ya ngalawa hurudii ile pana ya vyombo vya majini. Kwingine wanataka zote mbili, soma kanuni zao kwanza. Mnazi mdogo kule nyuma ya paa mimi siuweki, anayesachi mnazi anataka mnazi.

Na jina la mahali liwe la uhakika. Mlango wa nakshi peke yake haukwambii ni Bagamoyo, Unguja au Lamu, kama mchoraji hakusema andika "mlango wa nakshi" tu, na "Uswahilini pwani" usiiweke kabisa, acha mahali wazi mpaka atokee anayeujua mlango ule.