Wakili wa upande mmoja anaweza kuwa jaji wa haki

Wengi huamini kwamba wakili aliyetumia miaka yake kutetea upande mmoja hawezi kuhukumu kwa haki. Hoja hiyo haina mashiko, na Constance Baker Motley ni ushahidi tosha.

Motley alikuwa wakili wa kesi za haki za Wamarekani Weusi. Ndiye aliyemtetea James Meredith, mwanafunzi Mweusi aliyekataliwa kwa sababu ya rangi yake, hadi akaingia Chuo Kikuu cha Mississippi mwaka 1962, na kati ya kesi 10 alizosimamia mbele ya Mahakama ya Juu, alishinda 9. Mwaka 1966 Rais Lyndon Johnson alimteua jaji wa mahakama ya shirikisho jijini New York. Seneta James Eastland wa Mississippi alimpinga vikali, lakini Seneti ikamthibitisha. Akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kushika wadhifa huo.

Mwaka 1975 alipangiwa kesi ya ubaguzi wa kijinsia dhidi ya kampuni ya mawakili ya Sullivan & Cromwell. Kampuni ikamtaka ajiondoe: ni mwanamke, tena aliwahi kuwatetea waliobaguliwa. Akakataa. Kama jinsia, rangi au historia ya jaji ingetosha kumwondoa, alieleza, hakuna jaji yeyote wa mahakama ile ambaye angeweza kuisikiliza. Na kweli, jaji mwanamume mzungu naye ana jinsia na rangi, ila hakuna aliyefikiria kumhoji kwa hilo.

Anayepaswa kujiondoa ni jaji mwenye maslahi katika kesi yenyewe, au aliyewahi kuwa wakili katika shauri hilohilo.